Saa Sita na Dakika Ishirini: Safari ya Mama Rodah Chepng'eno Maritim wa Boito

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na waombolezaji wote, kabla historia hii haijasomwa ni sharti mjue aliyepewa kuisoma ni nani, naye ni Weldon, kifungua mimba wa marehemu, mtu aliyemdanganya daktari huku mama yake amelala pale pale anasikia, na uongo huo ukamnyima dawa ambayo ingeweza kumrudishia ulimi wake. Dada zake walimsihi asome mazuri tu, kwamba matangani si mahali pa kufukua, lakini Weldon amefunga siku tatu na hakupewa neno lingine, basi mvumilieni.

Mama Rodah alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kimulot, karibu na msitu wa Mau, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kiptonui arap Soi, mwanamume mwenye mikono ya kazi ambaye pombe ilimmaliza watoto wakiwa bado wadogo, ndiyo maana tangu utotoni marehemu hakuionja hata kwa ncha ya ulimi, na palipokuwa na nyumba ya busaa njiani yeye alizunguka kwa mtoni, hata akiwa na mzigo, hata mvua ikinyesha. Shikeni hilo, tutalirudia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akafika darasa la saba mwaka 1972, hakuendelea kwa sababu zamu ilikuwa ya ndugu zake wa kiume, lakini kwa kusoma Biblia kwa sauti hakuna mchungaji aliyemshinda. Mwaka 1974 aliandikwa kazi ya kuchuma chai katika shamba kubwa upande wa Kericho, akachuma miaka saba, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda kama ya mtu anayefuma.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani na mzee Jonah Maritim wa Boito, wakapanda chai yao wenyewe ekari moja na nusu, Mungu akawapa Weldon mwaka 1982, Rebeccah mwaka 1985 na Monicah mwaka 1989, naye mzee Jonah akatutangulia mwaka 2011. Marehemu aliongoza kwaya ya akina mama miaka arobaini kamili, na wengi wenu hapa mlimwita Mama Kwaya kuliko jina lake, maana alipoanza wimbo huku, wachumaji wa ng'ambo ya bonde walinyoosha migongo wakasikiliza.

Mwaka 2016 alipatikana na presha, akawa anameza tembe zake kila siku, na Phanice, mhudumu wetu wa afya kijijini, alikuwa akija kumpima kila baada ya wiki mbili.

Sasa tufike siku yenyewe, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa sita na dakika ishirini mchana, na saa hiyo Weldon anaijua vizuri kwa sababu redio pale banda la kupimia majani ya chai ilikuwa imemaliza tu matangazo ya vifo. Marehemu alikuwa kwenye foleni ya mizani, Weldon nyuma yake, ghafla mkono wake wa kulia ukaachia kikapu, mdomo ukavutwa upande wa kushoto, akataka kusema kitu na maneno yakatoka yamelegea kama uji. Karani wa mizani, Jairus, ambaye leo ameketi safu ya mbele na koti lake safi, akapaza sauti ili foleni yote isikie, “Mama Kwaya! Kikapu kimejaa majani, na wewe umejaa busaa! Ebu tuimbie basi!” Watu wakacheka, wengine wao wako chini ya hema hili na wanajijua.

Na Weldon, aliyejua kwamba huyu ni mwanamke wa kuzunguka kwa mtoni, badala ya kumwamini mama yake aliamini kicheko, kwa sababu Jumapili iliyofuata alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa, na aibu ilimtangulia akili. Alimshika mkono akampitisha katikati ya michai wasionekane barabarani, mguu wa kulia unaburuta, akimwambia, “Mama, umenivua nguo mbele ya watu,” akamlaza, akampa chai ya rangi kali yenye sukari nyingi eti imtoe ulevi, chai ikampalia, akakohoa mpaka machozi, kisha mwana akafunga mlango kwa nje akarudi kwa mizani.

Ni Phanice aliyepita saa nane kasoro robo akasikia ukuta unagongwa, akafungua, akakuta marehemu anaupiga teke kwa mguu wa kushoto, ule uliobaki. Alimwambia atabasamu, upande mmoja ukakataa, amwinulie mikono yote miwili, mmoja ukaanguka, amwambie leo ni siku gani, ikatoka sauti bila neno, ndipo akatoka nje akampigia Weldon simu, naye alipojibu kwamba mama amelewa tu, akapaza sauti, “Wewe, huyu hajalewa, hiki ni kiharusi! Leta gari sasa hivi, na usimpe kitu kingine mdomoni!” Mwalimu Momanyi aliacha darasa akatoa gari lake, Phanice akabaki kijijini, na saa tisa na dakika tano wakawa hospitali kubwa.

Daktari Bogonko hakupoteza dakika, alipima sukari, akapima presha, akamtuma apigwe picha ya kichwa, akamgeukia Weldon akamuuliza, “Mara ya mwisho mlipomwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi? Nipe saa, usinipe hadithi.” Akaeleza kwamba ikiwa ni mshipa ulioziba wala si damu iliyomwagika, iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba, lakini ni ndani ya saa nne na nusu tangu kuanza, ukichelewa inaweza kumwaga damu ubongoni. Weldon alisikia yote hayo, akayaelewa, na bado akasema alimwacha mzima saa moja asubuhi, aliporudi akamkuta kitandani, maana mchungaji, aliyekuwa amewafuata hospitali, alikuwa amesimama pale, na kusema saa sita kulikuwa ni kusema pia banda, kicheko na mlango uliofungwa.

Picha ilirudi saa tisa na dakika arobaini, hakuna damu, ni mshipa tu umeziba. Kwa saa ya kweli ilikuwa imebaki zaidi ya saa nzima. Kwa saa ya Weldon, mlango wa dawa ulikuwa umefungwa tangu saa tano na nusu. Marehemu aliinua mkono wa kushoto akaelekeza saa iliyo ukutani, akapiga chuma cha kitanda, akaelekeza tena, nesi akadhani sindano inamuuma, akamshika ule mkono kwa upole akautuliza. Jumapili, mama yake akilishwa kwa mpira wa puani, Weldon aliwekewa mikono.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 27 Februari, akiwa hasemi, upande wa kulia umekufa, akili yake nzima. Kwa Rebeccah alifungua mdomo akala, kwa Monicah alikula, kwa Phanice alikula, lakini Weldon akileta kijiko aliufunga mdomo na kuitazama saa ya ukutani, miezi kumi na nusu, hakumlegezea hata siku moja, na hapa hakuna atakayewaambia kwamba alisamehe. Kupaliwa kulimletea homa ya mapafu mara tatu, na ya tatu ikamchukua Jumatano tarehe 14 Januari 2026, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inamshukuru Daktari Bogonko na manesi wake, waliofanya kazi ya haki kwa habari ya uongo, Mwalimu Momanyi kwa gari, akina mama wa kwaya kwa kumgeuza na kumwogesha kwa zamu, wachumaji wenzake, na Phanice kuliko wote.

Jairus hashukuriwi. Aliporudi Weldon kwa mizani mwezi wa tatu alimkuta bado anakiuza kicheko kile, kwamba pombe ya siri ndiyo humaliza waimbaji, na wako watu wanaonong'ona hivyo hadi leo, nyuma ya hema. Weldon amemwomba Mungu aupinde mdomo wa Jairus kama ulivyopinda wa mama, ni maombi mabaya na ameyaungama, lakini hajayaondoa. Barua ya kuacha uzee wa kanisa mchungaji anayo mfukoni tangu asubuhi, ili asiwepo wa kusema Weldon amejibakizia cheo. Na anayetazama programu ataona anayefuata kuzungumza, kwa niaba ya wakulima, ni Jairus, na mliojiuliza nani alimwandika hapo, ni Weldon, kwa mkono wake.

Pumzika, Mama, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.

Jairus, tafadhali simama, shika maiki, na kwa sauti ile ile uliyochekea, waambie watu hawa kwamba hakuwa amelewa.