Pumzi ya Gozbert Ntirampeba

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tunamkumbuka Gozbert Ntirampeba, mpiga tromboni wa Ntobeye. Gozbert amezikwa Jumamosi, akiwa na miaka hamsini na nane.

Tromboni ni lile tarumbeta lenye mkono wa kuvuta na kusukuma. Gozbert alilipiga katika bendi ya jazi, Lusahunga, miaka kumi na mbili. Ukumbi ulikuwa mwembamba. Akisukuma mkono, madereva wa malori meza ya mbele wanakumbatia chupa zao zisiangushwe.

Bendi ilipokufa, akawa mpigaji wa studio, Biharamulo. Kwaya ikirekodi, anaitwa. Aliyemwita ni Danstan, fundi wa studio. Haya Danstan mwenyewe ameomba tuyaseme.

Siku moja alimwita Gozbert, ila kwaya haikuwepo.

"Kaka, nipulizie noti moja moja."

"Wimbo upi?"

"Hakuna wimbo. Puliza, nyamaza. Puliza nyingine, nyamaza."

"Unaninyonyoa kama kuku, bwana mdogo."

Akapuliza hadi mchana. Danstan akazirekodi noti zote na kuziingiza kwenye kinanda cha umeme. Toka siku hiyo, akibonyeza kwa kidole, tromboni la Gozbert linalia. Toka siku hiyo hakumwita tena. Miaka sita. Wala hakumwambia kwa nini.

Kila wiki alipanga kwenda Ntobeye kumweleza. Siku ikifika, anakumbuka ana paa la kuziba. Paa moja hilo, wasikilizaji, miaka sita.

Msibani alipiga magoti mbele ya mjane, Deodata, akasema yote.

"Alijua, shemeji," Deodata akamjibu. "Aliusikia wimbo wa kwaya redioni, akaacha kula. Akasema, hiyo pumzi ni yangu, ila mimi pale ningevuta hewa."

"Alikasirika?"

"Alingoja simu. Tromboni alilipaka mafuta kila Ijumaa, usije ukamwita ghafla."

Kaburini kwaya ilikuja na kinanda kile. Ilipokaribia zamu ya tromboni, Danstan akachomoa waya. Kwaya ikayumba. Wakanyamaza mapigo manane ya tromboni, wakaendelea. Watu walidhani ni umeme. Deodata alimtazama Danstan.

Mama Deodata, watoto na ndugu wote wa Ntobeye, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nyimbo hizo tumezipiga hapa redioni miaka sita, jina la Gozbert hatukulitaja. Tusameheni.

Nawe unayesikiliza, kama yupo mtu unayetumia jasho lake na humwiti, mpigie sasa hivi. Zima redio kwanza, akusikie vizuri. Hatutakasirika.