Meneja wa Chumba cha Mashuka

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Meneja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika hospitali ileile ambako mama yake alikuwa dobi, akiwa kitinda mimba wa watoto wawili, na haikuchukua muda kubainika kwamba ana ulemavu wa akili, jambo ambalo mama alilipokea, akamfunga mgongoni, akarudi kazini.

Mwaka 1980 alianza shule, katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu, akatoka mwaka 1988 bila kujua kusoma, lakini akijua majina ya walimu wote, na ya wake zao, na nani amenuniana na nani.

Tarehe 4 Januari 1993 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kazi yake ikiwa kukunja mashuka, na kwa kuwa shuka hukunjwa na watu wawili, yeye alishika pembe za huku na mama pembe za kule, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena, na shuka lililokunjwa upogo alilikunjua mbele za watu, hata kama aliyelikunja ni msimamizi mwenyewe, ndipo wakamtunuku cheo cha Meneja, naye akakichukua kwa uzito wote.

Marehemu hakuoa, ingawa si kwa kukosa juhudi, maana kila muuguzi mpya aliposwa wiki yake ya kwanza na kuambiwa harusi ni Jumamosi, wala hakujaliwa kupata mtoto, lakini wapwa zake, watoto wa dada yake ambaye ni fundi cherehani, hawakutoka kwenda shule kabla mjomba hajawakagua kola.

Mama alifariki tarehe 2 Agosti 2009, na familia, kwa nia njema kabisa, ikampeleka Meneja kwa jirani yetu kinyozi akaangalie televisheni hadi mazishi yaishe, ikiamini kwamba hataelewa. Baada ya hapo aliacha utani, akakonda, usingizi ukampotea, na kazini akawa anasimama ameshika pembe mbili za shuka, akimkatalia kila aliyetaka kushika zile nyingine, hata msimamizi akasema kwa masikitiko kwamba itabidi amwachishe kazi, na kila zahanati dada alikompeleka aliambiwa kwamba watu wa aina hiyo ndivyo walivyo.

Daktari wa afya ya akili ndiye wa kwanza kuuliza alikuwaje zamani, na dada alipoanza kusimulia vituko vyake akajikuta analia, daktari akamwambia, “Ulemavu amezaliwa nao, dada yangu, lakini huzuni hii imekuja juzi, na inatibika.” Alimwandikia dawa, akawa anaongea naye kwa picha na maneno mafupi, akaagiza aambiwe ukweli, kwa hiyo dada alimpeleka makaburini, akamweleza bila kuzunguka kwamba mama amekufa na harudi, naye Meneja, baada ya kulia sana, akauliza swali moja tu, “Shuka atashika nani?” Dada akajibu kwamba atashika yeye, na jioni ile wakakunja mashuka yote ya nyumbani, hata yaliyokuwa yamekunjwa tayari. Nafuu ilikuja polepole, akarudi kazini, na siku muuguzi mpya alipoposwa, hospitali nzima ilijua kwamba Meneja amepona.

Tangu mwishoni mwa mwaka jana moyo ulimsumbua, na tarehe 9 Mei 2024, asubuhi, alifariki katika wodi ya hospitali ileile akiwa na miaka 53, dada yake akiwa kando, ambaye baadaye alilitoa shuka kitandani, akabaki amesimama na pembe mbili mikononi, mpaka msimamizi wa chumba cha kufulia alipoingia, akashika zile nyingine bila kuuliza chochote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliokubali posa na waliokataa, kinyozi wetu na majirani wote, pamoja na wenzake wa chumba cha kufulia.

Pumzika kwa amani, Meneja, shuka lako tumelikunja wawili, pembe kwa pembe, na halikwenda upogo.