Historia ya Dada Mafundo, Sonara wa Nili na Fedha

Ndugu, majirani na wateja wa dada, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, fundi magari, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu, tuliyemwita Dada Mafundo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tangi la maji, akiwa kifungua mimba wa mama aliyetia vitambaa rangi ya nili, mama ambaye alifunga kila fundo kwa uzi, akachovya kitambaa mara saba, na palipofungwa pakabaki peupe. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, vidole vikiwa vya buluu hata siku ya mtihani.

Januari 1977 alianza kujifunza usonara, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuichovya bangili ya mteja katika pipa la nili la mama, akingoja fedha ikolee rangi kama pamba, nayo ikatoka vilevile ilivyoingia, ila inanuka, mama akacheka hadi akakaa chini. Dada hakukata tamaa, akagundua njia yake mwenyewe, akawa anaacha vidoti vya fedha vitupu, na kuvizungushia unga wa kioo cha buluu alioyeyusha motoni.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu mpole aliyemhesabia vidoti bila kuombwa, wakajaliwa binti mmoja na wavulana mapacha.

Mama alipofariki mwaka 2002 alimwachia dada kitambaa chake cha mwisho, chenye urembo ambao hakuna aliyewahi kuuchora popote. Mwaka 2005 kitambaa kilitoweka, na dada akawaambia ndugu wote kwamba kimeliwa na panya. Ukweli ni kwamba nilikichukua mimi, nikidhani ni kitambara tu, nikafutia grisi chini ya lori, na nilipotambua nimefanya nini nikakitupa, nikanyamaza, nikawashukuru panya kimoyomoyo. Miaka tisa dada aliyakumbuka mafundo yale moja moja, akiyajaribu kwenye fedha, hadi 2014 alipomaliza mkufu wa mafundo sitini na matatu, ambao binti yake ameuvaa leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu niliivuta miaka kumi na tisa.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akalazwa tarehe 3 Juni 2024. Jumapili ya tarehe 9 nilikwenda wodini kumwomba msamaha, lakini kabla sijafungua kinywa akaniagiza niandike historia hii, niiandike vizuri, na panya tusiwasingizie tena, kwa kuwa tangu azaliwe hajaona panya anayenuka grisi. Tulicheka, kisha nikalia, naye akanifuta machozi kwa ncha ya shuka. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea viti na maji, na masonara wenzake mliofunga maduka ili mje kumzika.

Dada yangu, ulijua tangu siku ya kwanza, ukanisitiri. Nimesema mbele ya watu. Sasa pumzika kwa amani.