Mstari Chini ya Hina

Gari la abiria la kwenda Bububu lilikuwa halijaiacha Malindi, na nesi aliyekaa mbele yangu ameshamgeukia bibi aliyempakata mjukuu. "Shikamoo, bibi. Mkono wa mtoto una nini?"

"Marahaba, mwanangu. Raya katiwa dawa kwenye mshipa hospitali, ikavujia chini ya ngozi. Jana wametupa ruhusa."

"Hawakumchora wino kuzunguka uvimbe?"

"Wamemchora! Mstari kama njia ya siafu. Kesho harusi ya shangazi yake, nikaufunika kwa maua ya hina."

Nesi alishika kichwa. Mimi nilikuwa nshaisifu ile hina kimoyomoyo, nikarudi kumenya njugu zangu.

"Bibi, mstari ule ni wa kutazamia. Uvimbe ukiuvuka, au ngozi ikibadilika rangi, mnarudi mbio, isije ikaoza. Sasa rangi tutaionaje?"

"Nnapaka hina maharusi mwaka wa thelathini huu, hajaoza mtu."

Nesi aliupapasa uvimbe taratibu, akakataza usikandwe, akamwambia Raya achezeshe vidole. Raya akavichezesha, kisha akavitia kwenye njugu zangu. Nesi akacheka, akatoa kalamu, akaanza mstari mpya kuzunguka uvimbe, juu ya hina.

"Unapinda huo," bibi alisema. "Lete."

Utingo aliita "Mtoni!" mara mbili. Nesi ndiye wa kushuka hapo, lakini kalamu ilikuwa kwa bibi, mstari umekamilika, umenyooka, na bibi ameshaanza kuuchorea majani.