Siku Mlingoti Alipowachania Wazee Mikeka

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la Kinyozi, upande unaopata kivuli. Mwisho wa benchi anakaa Fundi Viatu na boksi lake la misumari na gundi. Katikati anakaa Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote duniani. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na jina alilipata kwa kuwapangia wachezaji kazi kupitia televisheni. Upande wa pili ni Dobi, anayefua mashuka ya hoteli ya jirani. Kinyozi mwenyewe hakai. Anasimama mlangoni, mashine mkononi, na kahawa wanayokunywa wote inatoka kwenye chupa yake.

Jumamosi hiyo hakuna aliyezungumzia bei ya vitu wala maradhi. Timu ya mji ya mpira wa kikapu ya wanawake ilikuwa inacheza na wageni wanaoongoza ligi. Ikifungwa, inashuka daraja, na mwenye timu alishatangaza kwamba ikishuka haongezi mkataba wa mtu. Katika timu hiyo anacheza binti wa Fundi. Kijiwe kinamwita Mlingoti tangu akiwa mwanafunzi, alipoanza kuinama kila akipita mlango wa Kinyozi.

Kwa hiyo utabiri ulianza mapema, na wote wakaipa ushindi timu ya mji. Kocha alisema timu inayoongoza ligi ikikutana na timu ya mkiani huwa inacheza huku mawazo yakiwa kwenye chakula cha jioni. Dobi akasema yeye habahatishi, ana ushahidi. Mashuka ya wageni yalikuwa yamemfikia asubuhi.

— Yamekunjamana upande mmoja tu, akasema. Hao watu hawakulala. Walikuwa wanageuka na kugeuka, wanamuwaza Mlingoti.

Kinyozi hakutaka kupitwa. Alieleza kwamba nahodha wa wageni alikuja kwake jana, akanyoa kipara. Kichwa kikinyolewa kinapoa, na kichwa kikipoa mkono unachelewa. Akadai hilo liko kwenye sayansi, ila hakumbuki ukurasa. Kocha akaona anaachwa nyuma, akatoa siri aliyodai kuitunza tangu uwanja ulipojengwa, kwamba sakafu yake imelalia kidogo upande wa barabara kuu, na nusu ya pili timu ya mji itakuwa inashambulia kuelekea kwenye huo mteremko.

Fundi aliwasikiliza huku akigonga kisigino cha kiatu cha mtu. Walipomuuliza yeye anaonaje, alisema mtoto akitoka uwanjani mzima, kwake inatosha.

Baada ya hapo wakaweka mikeka yao ya kubeti, kila mtu na simu yake. Siku nyingine wanaonyeshana na kubishana. Siku hiyo Dobi aligeukia ukuta, Kinyozi akaingia ndani kutafuta wembe, na Kocha akakumbuka ghafla kwamba macho yake yanaona vizuri zaidi akiwa ng'ambo ya barabara.

Alasiri walijazana dukani mbele ya televisheni. Kwenye kiti alikuwepo mteja aliyenyolewa nusu kichwa, naye hakulalamika, maana kiti chake ndicho kilichokuwa mbele kabisa. Wageni waliongoza robo ya kwanza, wakaongoza ya pili, na ya tatu wakaongoza kwa raha zao. Kila Mlingoti alipopata mpira walimzunguka wawili. Mara moja alianguka vibaya, na Fundi akatoka nje, akarudi alipoambiwa ameinuka.

Robo ya mwisho mambo yakabadilika. Mlingoti alianza kudaka kila mpira uliogonga ubao na kurudi, na pengo likapungua taratibu mpaka ikabaki pointi moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache akachezewa rafu, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Pale unasimama peke yako mbele ya kikapu, hakuna wa kukuzuia, na ukikosa huna wa kumsingizia.

Dukani kila mtu alikuwa amesimama. Kinyozi alizima mashine. Dobi alimshika Fundi bega na hakuliachia. Mtupo wa kwanza ulizunguka juu ya chuma cha kikapu, ukasita, ukaingia. Wa pili ulipita katikati bila kugusa kitu. Wageni wakarusha mpira wao wa mwisho kutoka mbali, ukagonga ubao na mchezo ukaisha.

Walikumbatiana kama watu waliookolewa majini. Kocha alilia na hakujificha. Mteja wa nusu kichwa alibusu mkono wa Fundi.

Ndipo simu ya Dobi ilipotoa mlio mfupi wa mkeka uliochanika, yaani dau limeliwa. Akasema ni watu wa hoteli. Ya Kocha ikalia mlio uleule, kisha ya Kinyozi, ndani ya mfuko wa aproni. Wakatazamana. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba wote watatu waliwapa ushindi wageni.

Uchambuzi uliofuata ulikuwa mgumu kuliko utabiri. Dobi alisema amefikiri upya, na shuka lililokunjamana upande mmoja linaweza pia kuwa la mtu aliyelala fofofo bila kujigeuza. Kocha alishikilia kwamba mteremko upo, ila alihofia wageni wameshauzoea. Kinyozi alisema alimpa nahodha ushindi kwa sababu kichwa kile alikinyoa mwenyewe na hakukiona kasoro. Walikuwa wanachekana mpaka simu ya nne ilipolia ndani ya boksi la misumari.

— Fundi, na wewe? Kinyozi aliuliza taratibu.

Fundi alijifuta gundi vidoleni kwanza.

— Wangefungwa, kesho hana kazi, akasema. Angekuja hapa akakaa bila kusema neno, ndivyo alivyo tangu mdogo. Sikutaka anikute mikono mitupu. Akishinda yeye, mimi nikikosa shauri yangu.

Kocha alikohoa, akasema hiyo ndiyo sababu pekee ya maana aliyoisikia tangu asubuhi. Wakakubaliana neno hili lisitoke kijiweni. Walikuwa bado wanakubaliana Mlingoti alipotokea kwenye kona, begi begani, barafu imefungwa kwenye goti.

— Shikamooni, wazee wangu.

Wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Baba yake alimshika mikono yote miwili.

— Basi leo mmekula, Mlingoti akasema. Najua mliniwekea. Nani aliweka nyingi zaidi?

Kinyozi akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe. Likatoka tone moja. Dobi akaangalia viatu vyake. Fundi alianza kutafuta ndani ya boksi msumari ambao alikuwa ameubana midomoni. Binti akawapitia mmoja mmoja kwa macho, akamalizia kwa baba yake.

— Wote?

Kocha akasogea, Dobi akasogea, nafasi ikapatikana katikati ya benchi, na Mlingoti akaketi pale akicheka mpaka begi likamdondoka begani.