Kamene Nzomo na Jua Lenye Meno

Marehemu mwenyewe aliagiza tusiwachoshe watu kwa maneno marefu juani. Kwa hiyo tutasema yaliyokuwapo.

Bi. Kamene Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kilungu, binti wa marehemu Mzee Nzomo na Mama Kaindi. Akiwa na miaka saba aliona leso nyekundu ya mama yake, iliyosahauliwa uani, imepauka upande mmoja. Watoto wengine waliuliza nani atachapwa. Yeye aliuliza rangi imeenda wapi.

"Imeliwa na jua," Mama akamjibu.

"Kwani jua lina meno?"

Swali hilo ndilo lililomtafutia kazi.

Alisoma shule ya msingi huko huko kijijini, akamaliza sekondari ya bweni Machakos mwaka wa 1989, na kupata diploma ya ufundi wa maabara hapa Nairobi mwaka wa 1993.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na hospitali moja ya binafsi upande wa Loresho, na hakuhama tena. Mwaka wa 2017, akipima maji taka yaliyokwisha kusafishwa, alikuta bado yamebeba dawa: za maumivu, za kifafa, antibayotiki. Mgonjwa humeza, mwili huchukua chake, kinachobaki huenda chooni, na vijidudu vya mtambo wa kusafisha maji havikimalizi. Mwisho wa safari ni mtoni.

"Samaki wa huko hawana kifafa," alimwambia mkurugenzi. "Mbona tunawatibu?"

Akaunda trei za vioo na kuzipaka unga mweupe, ule wa jamii inayotiwa kwenye rangi ya ukutani. Jua likiupiga, unga huo huzivunjavunja dawa zilizo kwenye maji yanayosukumwa na pampu kupita juu yake. Paa la kuziweka alilipata kwa kubishana. Mkurugenzi alimpa miezi mitatu alete ushahidi, la sivyo trei zishuke.

"Hiyo ni jua tu inafanya kazi, Kamene. Unga ni ya nini?"

Vioo alivinunua kwa mdogo wake Kiilu, muuza vioo wa Dagoretti Corner, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu. Siku moja kabla ya ukaguzi wa mkurugenzi, Januari 2020, Kiilu alipeleka kioo cha akiba, akaona trei zote zina utando mweupe. Kwa muuza vioo, kioo chenye ukungu ni aibu ya ukoo. Akatoa wembe wa kukwangulia rangi. Ulipovunjika, trei sita kati ya kumi na mbili zilikuwa zinang'aa.

"Sister, nimekusafishia bure. Ndege watajigonga vichwa!"

"Kiilu, hiyo uchafu umetoa ndiyo kazi yangu!"

Kisha akakaa juu ya ndoo ya rangi, akatazama sita nyeupe na sita zilizokwanguliwa, akaanza kucheka. "Simama hapo. Usiguse kitu ingine."

Kesho yake alipitisha maji yale yale pande zote mbili, chini ya jua lile lile, kutwa nzima, mkurugenzi akitazama. Vipimo viliporudi, upande mweupe ulikuwa umeondoa karibu sehemu nne kati ya tano za dawa ya kifafa. Upande wa Kiilu haukuondoa kitu cha kutajwa. Trei zikabaki. Kiilu alidai pongezi, akatumwa alete vioo vingine.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 12 Desemba 1998 Kamene aliolewa na Bw. Tobias Odhiambo, fundi wa mabomba aliyekuwa ameitwa kuziba bomba la maabara. Watu wa Odhiambo walifika Kilungu na ng'ombe wa maana, wakaulizwa mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaoifunga ndoa kwa mila ya Kikamba, wako wapi.

"Lakini ng'ombe si mkubwa kuliko mbuzi?"

"Bila mbuzi, hao ng'ombe wamekuja kutembea tu."

Mbuzi walinunuliwa sokoni kabla chai haijapoa. Muuzaji aliziona suti, akajua leo ni leo.

Agosti 2024 Kamene alipatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini mwake. Akiwekewa dripu ya dawa alisema, "Nikishindwa kuimaliza, itamaliziwa juu ya paa." Hofu yake ilikuwa moja: nani atazilinda trei asije msafishaji mwingine na wembe. Peres, fundi aliyemfunza mwenyewe, alipanda kila asubuhi na kumtumia picha ya vioo. Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, Kamene aliitazama ya siku hiyo, akasema, "Pampu ya tatu inavuja." Saa nne asubuhi akafariki. Peres alikwenda kuangalia. Ilikuwa inavuja kweli.

Ameacha mumewe Tobias, watoto Maurine na Fidel, mama yake Kaindi, na ndugu zake Kavutha na Kiilu. Ameacha pia trei thelathini na sita, ambazo wiki hii hospitali imemkabidhi Peres kwa barua.

Pumzika kwa amani, Kamene. Vioo vyako bado ni vichafu.