Aliyekuwa Mti wa Pili

Sogea, kaa hapo kwenye benchi, ila usiegemee, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Tulia usikie. Kijiwe chenyewe ndicho hiki, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na Mama Birika anamimina kahawa toka saa nane. Leo hakuna siasa wala mpira. Asubuhi habari imeingia kwamba yule mama wa posta, aliyekuwa anagonga mihuri dirisha la pili, amefariki. Binti yake katuma neno: saa kumi anapita, anataka kujua mama yake alikuwa nani kwenye ule mchezo wa ukumbini, maana kesho anasimama makaburini kumsemea na hajui aanzie wapi. Mchezo upi? Acha hizo, hapa mchezo ni mmoja tu, ule wa Mfalme aliyegoma kushuka kwenye kiti. Wameucheza wakiwa vijana, sasa wana mvi, ukumbi umegeuzwa stoo ya magodoro, na bado wanaugombania kama umeisha jana. Mwenye jibu la binti ni mmoja, Kitabu, mchora mabango. Ndiyo maana leo kahawa haimshuki.

— Alikuwa Malkia, alisema Nyundo, fundi viatu, misumari mdomoni. Naapa.

— We Nyundo, tema hiyo misumari uongee vizuri, Mama Birika akamkata. Malkia nilikuwa mimi. Lile gauni la pazia nimelivaa mimi, na pini zimenichoma mgongo mzima mimi!

— Basi alikuwa mjakazi.

— Mjakazi hakuwepo. Mfalme wetu alikuwa fukara, alijifulia mwenyewe.

— Nani fukara? aliruka fundi baiskeli, ambaye mpaka leo anaitwa Mfalme, hata na mkewe akimtuma sabuni. Mimi ndiye mhusika mkuu, jamani. Mwalimu aliandika ubaoni kabisa: mhusika mkuu, Mfalme. Nyie wengine mlikuwa wahusika wadogo.

— Mdogo mimi? Nyundo akadakia. Mimi Askari ndiye niliyeupindua mchezo mzima!

— Uliupindua kwa kukosea, mzee!

Wakacheka wote, hata Kitabu kidogo. Maana Askari alikuwa na sentensi moja, moja tu, na alilala nayo miezi mitatu: "Mfalme, mgeni amefika." Siku ya siku, watu wamejaa mpaka madirishani, Nyundo akapiga mguu chini akanguruma: "Mgeni, mfalme amefika!" Na Mgeni, kijana mtiifu, akaenda zake kukaa kwenye kiti cha enzi. Mfalme akabaki wima na taji lake la kopo, kama mtu aliyekuja kusoma mita.

— Hapo ndipo maneno yakaniruka, Mfalme akasema, sasa sauti imeshuka. Yote. Nawaona watu wamekodoa macho, babangu mstari wa mbele, kofia mapajani. Babangu ambaye hajawahi kuja kuniona popote. Nikasema leo nimekwisha. Ndipo nikasikia mnong'ono.

— Kitabu! wakaitikia.

— Kitabu huyuhuyu! Neno kwa neno. Sio maneno yangu tu, ya wote, mpaka mwisho. Bila huyu tungekuwa tunazomewa mpaka leo.

Jina lilizaliwa hapo. Mnong'onezaji wa nyuma ya pazia, mshika karatasi za maneno, akatoka amebebwa mabegani, na hakushuka tena. Kibao cha kazini kwake kimeandikwa KITABU, herufi nyekundu, kivuli cheusi. Mtu akisahau mwaka wa mafuriko au umri wa mwanawe mwenyewe, anaambiwa nenda kwa Kitabu.

— Mbona umenyamaza, kaka? Mama Birika akamuuliza.

— Kahawa ina moto.

— Ya saa nane hiyo ina moto wapi?

Nyundo alikuwa hajakata tamaa.

— Nimejua! Alikuwa radi. Nani alikuwa anatikisa lile bati?

— Mlinzi wa ukumbi.

— Basi alikuwa miguu ya nyuma ya farasi.

— Farasi yupi, Nyundo? Farasi wetu alikuwa na miguu miwili, gunia halikutosha!

— Kwa hiyo miguu ya nyuma ilikuwepo, ila haikuonekana. Ndiyo yeye.

— Mungu wangu, huyu leo kanywa gundi ya viatu.

Mfalme akainua mkono kama anahukumu.

— Mimi naona hakuwepo. Alijitungia tu, Mungu amrehemu. Nusu ya mji huu wanasema walicheza. Tukiwaweka wote jukwaani, mbao zinavunjika.

Kitabu akaona upenyo huo. Aseme tu "kweli, hakuwepo", yaishe. Akafungua mdomo.

— Alikuwepo, akajisikia anasema. Miti ilikuwa miwili.

— Ee! Mama Birika akajipiga paja. Mti wa Pili! Gunia mpaka kichwani, matundu mawili ya macho, matawi mabichi mikononi. Wa Kwanza alizimia mazoezini kwa joto. Huyu miezi mitatu wima, hata kukohoa hakohoi.

— Mti, Nyundo akasema kwa huruma. Hana hata sentensi moja. Bora mimi.

Sasa nikwambie kilichokuwa nyuma ya pazia, ambacho hawa hawakijui. Nyundo alipokosea, Kitabu alicheka. Alicheka mpaka karatasi zikamponyoka, kurasa arobaini, na alikuwa hajazitia namba. Wakati Mfalme amekwama, Kitabu yuko magotini anaokota, anapata mwisho kabla ya mwanzo. Mnong'ono ulitoka ndani ya gunia la Mti wa Pili, hatua mbili kutoka kwa Mfalme. Msichana aliyesimamishwa miezi mitatu bila kazi alikuwa ameyashika maneno ya kila mtu.

Akiwa juu mabegani, Kitabu alimwona kule chini anajivua majani. Wakaangaliana. Msichana akatabasamu tu. Kesho yake Kitabu akamwambia: nitawaambia. Miaka ikaenda, na kila akienda kununua stempu dirisha la pili anainama anasema, nitawaambia, dada. Naye anagonga muhuri, anasema, sina haraka, kaka.

Saa kumi kamili binti akatokea, kitambaa kichwani, daftari la kurasa themanini mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kaa upate kahawa.

— Sikai, mama, nyumbani watu wamejaa. Nataka tu kujua. Mama alikuwa nani?

Wakatazamana. Mama Birika akajitoa mhanga.

— Mti, mwanangu. Mti wa Pili. Tena mti mzuri, umesimama sawasawa.

Binti akaandika. Kalamu ikasimama katikati.

— Mti haukuwa unaongea?

— Haukuwa unaongea.

— Sasa mbona siku zake za mwisho, amelala pale, alikuwa anasema maneno ya Mfalme? Akimaliza anasema ya Malkia. Ya Mgeni. Yote, kwa mnong'ono, kama kuna mtu anamsubiri. Aliyajulia wapi?

Nyundo akaokota kiatu ambacho hakikuwa na kasoro, akakikagua. Mama Birika akatikisa birika, halitoi hata tone. Mfalme ndiye aliyepata la kusema, na alilisema kwa fahari kabisa, mkono begani kwa rafiki yake.

— Muulize Kitabu. Mchezo ule hakuna neno asilolijua.

Binti akamgeukia, akafungua ukurasa mpya.

Haya, nakuuliza wewe. Jina linalokulisha, wanao wanatambulishwa kwalo, wenzako wa maisha yote wanakuangalia wanasubiri uwape raha. Na huyu kesho anasimama mbele ya kaburi na hicho utakachomwambia. Ungekuwa wewe ndiye Kitabu, ungeanza na neno gani?